Mitungi Mizito ya Luisa

Mchagua jembe si mkulima. Wahenga waliosema hivyo hawakuwa na nia ya kumcheka mtu apendaye kitu kizuri, maana nani asiyependa kizuri? Walitaka kusema kwamba mwenye nia ya kulima hushika jembe lililopo akaingia shambani, na mvua ikamkuta kazini. Asiye na nia hulaumu mpini, akalaumu bapa, akalaumu uzito, hata msimu ukampita angali amesimama kando ya shamba, mikono mfukoni. Lakini methali hii ina kona yake, na wengi huipita kona hiyo bila kuiona. Luisa wa Mbamba Bay nusura aipite naye.

Luisa alizaliwa Mapera, huko milimani kwenye kahawa na ngolo, yale mashimo ambayo Wamatengo huyachimba kwenye miteremko ili maji ya mvua yasiuchukue udongo. Aliolewa ziwani na Adrian, mvuvi wa usipa, ambaye mambo ya nchi kavu alimwachia mkewe. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na kipande cha ardhi ya ukoo, chenye mawe makubwa na vichaka, kikishuka taratibu hadi kwenye mchanga. Mwenye sauti juu ya kipande hicho alikuwa mama mkwe wake, Ottilia, mwanamke mwembamba kama ufito, ambaye hakuonekana nje ya nyumba bila jembe begani, hata akienda kusalimia wagonjwa.

Mwaka huo Edmund, mdogo wake Luisa, alirudi kutoka Dar es Salaam alikokuwa akifanya kazi kwenye uwanja wa michezo. Uwanja ulipofungwa, alinunua hapo bunduki nane za rangi. Bunduki hizo haziui. Hurusha vitufe laini vilivyojaa rangi, na anayepigwa hubaki na doa, akatoka mchezoni. Edmund na dada yake waliona kwamba yale mawe na vile vichaka vilikuwa kama vimeumbwa kwa mchezo huo. Wakamwendea Ottilia.

"Watu wazima na akili zao walipe ili wapakwe matope?" aliuliza Ottilia.

"Si matope, Mama. Ni rangi," alisema Edmund kwa adabu.

"Basi afadhali matope. Matope yanafulika."

"Rangi hii nayo inafulika, Mama."

Ottilia alimtazama kijana yule kuanzia viatu vyake vyeupe hadi nywele zake zilizochongwa. "Haya. Nawapa hadi Jumatatu ya Pasaka. Nikikuta hakuna anayecheza siku hiyo, naingia na mihogo yangu nizidiriki mvua za mwisho. Ardhi haikai bure kungojea wageni."

Luisa alishukuru kwa kupiga magoti. Vijana wa parokia moja ya Mbinga walikuwa wamekwisha kuahidi kuteremka ziwani siku hiyohiyo ya Jumatatu. Wageni walikuwapo, bunduki zilikuwapo, na uwanja ulikuwapo. Kilichokosekana ni hewa.

Bunduki ya rangi husukumwa na hewa iliyoshindiliwa ndani ya mtungi mdogo unaofungwa kwenye kitako chake. Mitungi aliyokuja nayo Edmund ilikuwa ya gesi, na gesi yenyewe haikupatikana karibu. Alipokwenda kujaribu pampu ya fundi pancha, bunduki ilikohoa mara moja kama mbuzi mwenye mafua, na kitufe kikaanguka miguuni pake. Bahati nzuri hapo kijijini palikuwa na Mansuetus, mzamiaji aliyekuwa akikamata samaki wa mapambo, wale wadogo wa buluu wa kwenye mawe. Yeye alikuwa na mashine ya kujaza mitungi yake ya kuzamia.

"Nitawajazia," Mansuetus alimwambia Luisa, "ila mtungi una umri kama mtu. Wa nyuzi za kaboni ukifika miaka kumi na mitano umekwisha, hata uwe unang'aa vipi. Wa alumini hupimwa kila miaka mitano, na tarehe yake hugongwa karibu na shingo. Usiniletee mtungi nisioujua umri wake, shemeji. Hewa iliyoshindiliwa haina undugu. Ikipasua chuma haichagui sikio la nani."

Luisa aliyaweka maneno hayo moyoni, kwa kuwa yalifanana na jambo alilolizoea tangu utotoni.

Hapo sasa Edmund akaanza kuchagua. Kutwa alikuwa na simu yake, akitazama picha za mitungi. Aliipenda ile ya nyuzi za kaboni, myeusi, myepesi kama kibuyu kikavu, lakini mmoja tu ulitaka kumeza kahawa ya msimu mzima. Luisa alipomtajia ya alumini, ambayo bei yake waliimudu, Edmund aliguna.

"Ile mizito kama mchi, dada. Mchezaji atakimbiaje amebeba mchi? Watu watatucheka. Tungoje kidogo, bei zitashuka."

Wakangoja. Kwaresima ikaanza, ikafika katikati, na bei zisishuke. Kila asubuhi Ottilia alipita uani akiwa na jembe lake begani, akakitazama kile kipande cha ardhi, akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

"Mdogo wangu," Luisa alisema siku moja, "mchagua jembe si mkulima."

Edmund alinuna mpaka jioni. Lakini juma moja kabla ya Jumapili ya Matawi walipanda pamoja milimani, wakaenda Mbinga kwenye duka la Praygod, mfanyabiashara aliyeuza vitu vilivyokwisha kutumika: jenereta, pampu, kofia za pikipiki na kila kilichowahi kuwa na skrubu. Praygod alikuwa amekwisha kusikia shida yao. Aliwakaribisha kwa bashasha, akauweka mezani mtungi mweusi wa kaboni, uliobandikwa picha za ndimi za moto, mwepesi kama unyoya. Bei aliyoitaja ilikuwa ndogo kuliko hata ya alumini, na akasema anayo mingine ya namna hiyo.

Macho ya Edmund yaliwaka. "Dada, umeona? Kungoja kunalipa!"

Luisa aliupokea mtungi, lakini hakuutazama usoni. Aliupindua, akaupapasa shingoni kwa kidole gumba, akautembeza taratibu kwenye mwanga wa mlangoni. Mahali pamoja nyuzi zilikuwa zimeinuka, kama ukingo wa mkeka uliokanyagwa sana.

"Dada yangu," Praygod alicheka, "unanunua mtungi au unaposa?"

"Hata mchumba huulizwa umri," alijibu Luisa.

Akaanza kuibandua ile picha ya moto kwa ukucha. Chini yake palikuwa na karatasi ya zamani ya kiwanda, na kwenye karatasi hiyo palikuwa na mwaka. Luisa aliusoma mara mbili. Ulikuwa mwaka aliobatizwa mwanawe wa kwanza, ambaye sasa alikuwa na ndevu. Praygod naye aliinama, akasoma, kicheko kikamkauka mdomoni.

"Mimi nilivyoletewa ndivyo ninavyouza," alisema polepole.

Luisa aliurudisha mtungi mezani, akatoka nje. Edmund alimfuata akiwaka kuliko zile ndimi za moto.

"Si wewe uliyeniimbia kwamba mchagua jembe si mkulima? Leo jembe limepatikana, zuri, rahisi, na wewe ndiye unayechagua! Pasaka hiyo inakuja. Tukikosa uwanja, usinitazame mimi!"

Maneno hayo yalimchoma Luisa kwa sababu yalifanana na kweli. Aliketi kwenye ngazi ya duka, akaegemeza shavu kiganjani. Je, si kweli kwamba naye alikuwa akichagua? Akilini aliiona mihogo ya mama mkwe wake imeshika kile kipande chote, na mdogo wake amefunga begi lake kurudi Dar es Salaam. Watu waliokuwa wakitoka sokoni walimpita, naye hakumwona hata mmoja.

Ndipo alipomkumbuka mama yake. Siku moja walikwenda pamoja kununua jembe, na mwuzaji akatoa moja jipya, linametameta kama kioo. Mama yake hakuligusa bapa. Alilipapasa shingo, pale jembe linapoingia mpini, akaona ufa mwembamba kama unywele, akalirudisha. Kisha akachukua jingine, jeusi, zito, lisilo na sura ya kupendeza, lenye shingo nzima. Jioni hiyohiyo alikuwa kwenye mteremko akichimba ngolo. Mama hakuchagua. Mama alikagua.

Luisa aliinuka, akakung'uta kitenge chake.

"Sikiliza, Edmund. Anayechagua anatafuta litakalompendeza, na anayekagua anakataa litakalomuumiza. Ukitaka kuwatambua, watazame wanavyorudi nyumbani. Wa kwanza hurudi mikono mitupu. Wa pili hurudi na jembe. Twende ndani."

Edmund akamfuata ndani.

"Praygod," Luisa alisema, "huna ya alumini?"

"Ipo kule nyuma ya magunia, lakini haina mvuto. Juzi mtu aliniuliza bei akidhani ni chupa za chai."

Ilikuwa minne, imechubuka, imejaa vumbi. Luisa aliifuta mmoja mmoja kwa ncha ya kitenge. Mitatu ilikuwa na tarehe za karibuni zilizogongwa wazi karibu na shingo. Wa nne tarehe yake ilikuwa imefutika, akauweka kando bila kuujadili. Edmund alijaribu kuinua mmoja, mkono ukashuka.

"Mchi," alinong'ona.

"Tutatwanga nao," alisema Luisa.

Mansuetus aliisoma mitungi ile shingoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Aliijaza, akautumbukiza kila mmoja katika karai la maji, na hakuna hata kiputo kimoja kilichopanda.

Jumatatu ya Pasaka vijana wa parokia waliteremka kwa gari, wakiimba. Ottilia alikuwa amekwisha kufika kabla yao. Aliketi juu ya jiwe, jembe mapajani, na mzigo wa vipande vya miti ya mihogo pembeni yake. Alikuwa mtu wa kutimiza neno.

Kwa kuwa mitungi ilikuwa mitatu tu, watatu walicheza huku wengine wakitazama nje ya kamba, na kutazama kwenyewe kukageuka mchezo. Watu wa ufukweni walikuja, na watoto wakapanda juu ya mawe ya mbali. Edmund alimkabidhi bunduki msichana mmoja kutoka Kitura, aliyeitwa Tadea.

"Samahani, dada. Mtungi wake mzito kidogo."

"Mzito upi?" aliuliza Tadea, akiitupia bunduki begani. "Wewe umewahi kupandisha gunia la kahawa mbichi kutoka bondeni?"

Akachomoka mbio kama digidigi. Muda si muda mwenyekiti wa vijana, Hamphrey, jitu refu lililokuwa likitafuta mahali pa kujificha, lilikuwa na doa la njano mgongoni. Kelele zilipanda hadi ziwani.

Ottilia akasimama. Alitwaa jembe lake na mzigo wake wa miti, akatembea moja kwa moja hadi katikati ya uwanja. Luisa akamkimbilia.

"Mama," alisema, "wanacheza."

"Kwani mimi sina macho?" Ottilia aliukagua uwanja kutoka jiwe hadi jiwe. "Hapa katikati ni peupe mno. Yule mrefu ameonewa, hakuwa na pa kujificha. Ipandwe mistari miwili ya mihogo hapa, ikikua mtu atajibanza vizuri, na sisi tutakula. Edmund! Njoo ushike."

Edmund alikuja, akapokea jembe. Lilikuwa limelika hata bapa lake likabaki kama kiganja, na mpini wake ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli.

"Mama, hakuna jing..." alianza, macho yake yakakutana na ya dada yake.

Edmund alilipindua jembe, akalipapasa shingo kwa kidole gumba, akaiona ni nzima. Akavua viatu vyake vyeupe, akatemea mate viganja, akainama, akaanza kuchimba. Mchagua jembe si mkulima.