Mchaichai wa Debe la Mama

Siku niliyomnywesha jirani yangu magugu ilianza vizuri kabisa. Nakusimulia, nawe mpelekee yeyote mwenye kopo tupu na kidirisha kinachopata jua.

Nilikuwa nimemkaribisha Bi Mwanakombo, wa ghorofa ya chini, aje kuona bustani yangu ya roshani. Ni roshani ya kusimama mtu mmoja na nusu, na hiyo nusu ni kitambi changu. Mchicha niliupanda kwenye dumu lililokatwa ubavu, kotimiri kwenye kopo la maziwa, mrehani kwenye sufuria iliyotoboka. Pembeni, mahali pa heshima, lilikaa debe la marehemu mama lenye mchaichai wake. Nilikuwa nimelizungushia wavu wa waya, mtu asije akachuma.

Nikakata majani, nikachemsha na tangawizi, nikammiminia. Huku najisifu: nimekuwa mpishi wa meli, nimekunywa chai Karachi, Istanbul na kwingine nisikokumbuka jina, lakini hakuna chai inayoifikia hii.

Akaonja. Akakiweka kikombe chini.

"Shebe, hizi ni nyasi."

"Bi mkubwa, huo ni mchaichai wa mama!"

"Mchaichai una harufu. Hizi hata mbuzi angeuliza kwanza."

Akapenyeza vidole kwenye wavu, akachuma jani, akalisugua, akaninusisha. Halikunuka chochote. Akafukua udongo. Chini, mashina ya mama yalikuwa yamesongamana debe zima, yamekauka zamani. Nilichokuwa nikikimwagilia kila asubuhi kwa mapenzi yote yale ni gugu lililoota juu yake. Tangawizi ndiyo iliyokuwa ikinidanganya.

Mimi hucheka kila kitu, lakini hapo sikucheka. Nyumba yetu ya Pangani ilishauzwa. Debe lile ndilo lililokuwa limebaki.

Kule Pangani, jua likishuka, wanawake walikuwa wakiita nje ya ua, "Mama Shebe, naomba mchaichai!" Na mama hujibu kutoka jikoni, "Ng'oa na shina, jani tupu litakufaa leo tu!" Nami nanung'unika kwamba watatumalizia. Hawakutumalizia. Ikifika magharibi mtaa mzima ulinukia kama kwetu, hata ukirudi umefumba macho usingejua mlango wenu ni upi.

Bi Mwanakombo akainuka, akashuka ngazi bila kuaga. Nikasema basi, mchaichai umekwenda, na jirani naye amekwenda.

Kumbe anarudi. Harufu ilimtangulia mlangoni, nami na mvi zangu nikawa mtoto tena. Mkononi ameshika shina bichi, mizizi imefungwa kwa kitambaa kilicholowa.

"Umeutoa wapi huu?"

"Kwa mama yako. Siku aliyokuletea debe nilimsaidia kulipandisha. Tulipopumzika, akaning'olea shina palepale kwenye ngazi. Akasema, 'Chukua wewe. Huyu mwanangu ni mchoyo wa mimea, atauzungushia waya mpaka ufe.'"

"Mama alisema hivyo?"

"Na akacheka sana."

Nikaenda kuleta koleo, nikaukata wavu wote. Tukamwaga udongo wa zamani, tukatia mpya, nikapanda lile shina. Nikalitazama pale lilipo, jembamba, peke yake.

"Bi mkubwa, na huu nao ukinifia?"

"Utashuka kuja kuomba, kama wenzako wote."

Funzo: Ukiupenda mmea wako, mgawie jirani shina lake, siku wako ukifa, utajua pa kwenda kuomba.