Ngoja Nimalize Mstari

Kulikuwa na mshairi mmoja huko China ya zamani, msomi hasa, wa wale ambao hata chumvi wanaiomba kwa vina. Mfalme mpya alipoitwaa nchi akamfukuzia kisiwa cha mbali, kwenye kijiji ambako hakuna mtu hata mmoja aliyejua kusoma.

Alibaki na kipande kimoja cha wino mkavu, ule wa kusugua juu ya jiwe kwa maji ndipo uandike. Akajiapiza: huu ni wa barua ya kumwomba mfalme anirudishe kwetu. Na kwa kuwa barua ya mfalme haitakiwi kosa, kila siku aliifanyia mazoezi kwa brashi na maji matupu, juu ya bapa la jiwe. Anaandika, jua linakausha. Miaka kumi na mmoja. Mnacheka, ee? Haya, chekeni sasa hivi, maana mbele hapachekeki.

Asubuhi moja jirani yake akaja mbio na pakiti ya dawa iliyoletwa na merikebu.

"Mwalimu, mume wangu amezidiwa. Hapa wameandika ya kunywa au ya kupaka?"

"Ngoja nimalize mstari, mama."

Alipoinua kichwa, mama hayupo. Alishaondoka kumnywesha mumewe. Dawa ilikuwa ya kupaka.

Baada ya mazishi mjane yule alirudi, akasimama palepale. Hakulia. Aliuliza tu, "Mwalimu, mstari ulikwisha?"

Ungekuwa wewe ungemjibu nini?

Siku hiyohiyo mshairi aliusugua wino wote. Akaandika juu ya mbao: kunywa, kupaka, sumu. Akawaita watoto na mama zao, akaanza kufundisha.

Merikebu ikarudi. Nahodha akamwambia, "Mzee, mfalme siku hizi anasamehe. Lete barua."

"Sikuandika."

"Kwa hiyo utazikwa huku?"

"Nitazikwa huku. Sogea, unawazibia wanafunzi."

Kisiwa kile kikaja kujaa washairi. Najua mnataka kusema amina. Msiseme. Washairi wote wale hawakumrudishia mjane mume wake.

Sisi je? Nikimaliza nyumba. Nikistaafu. Nikitulia, ndipo nitamtumikia Mungu. Leo ukitoka hapa usinipe mkono kunisifia mahubiri. Nenda kwa yule uliyemwambia angoje. Umwombe Mungu njia nzima umkute hai.