Kibati Kimoja na Mvujo wa Umeme

Hapo zamani, si zile za sungura kusema na fisi kuitikia, ni hizi za jana na juzi ambazo redio ndizo husema, palikuwa na karakana chini ya milima ya Uluguru. Karakana hiyo ilitengeneza mitambo ya kurushia matangazo, na mkuu wake alikuwa Bi Mwanahiba, mwanamke mwenye subira ya mpika maharage.

Karakana ilikuwa na desturi yake. Kila mtambo uliotoka pale ulibandikwa kibati, na kwenye kibati lilichongwa jina la fundi mmoja tu. Huyo aliitwa mzazi wa mtambo. Ukisifiwa, alisifiwa yeye. Ukiugua, alipanda mlima yeye, liwe jua au matope. Mafundi wa kwanza walikuwa wakisema: mtambo wa wazazi watatu hulala njaa, kila mmoja akidhani mwenzake ameulisha.

Basi wakulima wa mboga wa huko milimani wakaagiza mtambo wa redio yao. Gari lingekuja kuuchukua Ijumaa adhuhuri. Jumatatu mafundi wakauwasha kuujaribu, na lo! Msomaji alisikika kama mtu anayesoma habari akiwa juu ya punda. Sauti iliteleza, ikarudi kwa mshtuko, ikateleza, ikarudi.

Bi Mwanahiba akajua pa kutazama. Ndani ya mtambo mna saketi inayosikiliza mapigo ya kito cha kwatzi, kama kilichomo kwenye saa ya mkononi, mapigo ambayo hayakosei, na kuyalinganisha na mapigo ya mtambo wenyewe. Mtambo ukichelewa, pampu ndogo humimina umeme kidogo kwenye kapasita, ukiwahi, huuchota. Kapasita hiyo ni kama mtungi: kimo cha umeme uliomo ndicho huamua kasi. Pampu ikifunga milango yake, mtungi hutakiwa kutulia. Wao wakaifunga, wakatazama sindano ya kipimo. Kabla chai haijapoa vikombeni, sindano ilikuwa imelala chini. Mtungi ulikuwa unavuja.

"Atakayeumaliza mvujo huu," akasema Bi Mwanahiba, "ndiye mzazi."

Jumanne akaingia kazini Mkude, mzaliwa wa milima ileile. Kwanza aliweka mtungi mkubwa. Mvujo haukuonekana sana, ila mtambo sasa ulichukua nusu saa kushika kasi.

"Mtani wangu," akacheka Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, "mpaka redio yenu iamke, kabeji zimeoza!"

"Wewe endelea na karanga zako," akajibu Mkude. Akarudisha mtungi wa awali, akafikiri upya. Milango ya pampu ni transista, na transista ikifungwa hubaki na ufa mwembamba. Palipokuwa na mlango mmoja, akaweka miwili, mmoja nyuma ya mwingine. Sindano ikashuka polepole zaidi. Lakini ikashuka.

Jumatano ikawa zamu ya Maganga. Alikaa asubuhi nzima akitafuna karanga za chumvi na kuitazama milango ya Mkude. Kisha akasema, "Maji hayatoki pasipo mteremko." Kati ya kila milango miwili palikuwa na nafasi, kama ukumbi mdogo. Maganga akatengeneza kisaketi cha kuujaza ukumbi huo umeme wa kimo kilekile cha mtungi, mtungi ukipanda nao upande, ukishuka nao ushuke. Ufa ulikuwepo bado, ila umeme haukuwa na sababu ya kuupita. Sindano ikashuka kwa uvivu mno. Lakini ikashuka.

Alhamisi ikawa zamu ya Kidawa, ambaye hutamka neno pale tu ambapo kukohoa hakutoshi. Hakugusa mlango wala ukumbi. Aliinama akainusa bodi.

"Karanga," akasema.

Akachukua spiriti na mswaki, akaisugua bodi mbele na nyuma: mafuta ya vidole, masalia ya lehemu, chumvi iliyonyonya ukungu wa mlimani ikawa njia ya umeme. Akaikausha, akaipaka vanishi. Wakatazama sindano. Chai ikapoa. Ikapikwa nyingine, ikapoa nayo. Sindano kimya. Wakawasha mtambo, na msomaji akasoma bei ya karoti kama aliyeketi kitini.

Wakashangilia mpaka wauza ndizi wakaja kuchungulia. Ijumaa asubuhi ikafika, shangwe ikageuka mabishano: nani hasa ameumaliza mvujo?

Bi Mwanahiba hakupenda kukata shauri kabla ya kupima. Akaondoa milango ya Mkude: sindano ikashuka. Akairudisha, akazima kisaketi cha Maganga: sindano ikashuka. Akakiwasha, akamgeukia Maganga.

"Kula karanga, baba. Haya, gusa bodi."

"Mama, unanidhalilisha mbele ya mtani!"

"Gusa."

Kidawa akakwangua vanishi kidogo, Maganga akagusa, sindano ikashuka. Mkude akacheka hadi akashika meza. Kidawa akachukua mswaki wake.

"Jina ni langu," akasema Mkude. "Mimi niliweka milango. Bila milango miwili, Maganga angeujenga wapi ukumbi wake?"

"Jina ni langu," akasema Maganga. "Milango hupunguza mvujo tu, mimi nimeuondolea sababu. Chumvi niliileta, sikatai. Lakini aliyechafua zulia akajenga na nyumba, utamfukuza kwa ajili ya zulia?"

"Jina ni langu," akasema Kidawa, na wote wakamgeukia, maana hiyo ilikuwa hotuba ndefu. "Nyie mlifunga milango, mali ikapitia ukutani. Mimi ndiye niliyeisimamisha sindano."

Bi Mwanahiba akawatazama mmoja mmoja. Kila alipomsikiliza mmoja, aliona haki. Alipomsikiliza mwingine, haki ikahama. Mkude angepanda mlima ule kwa furaha, ndiko kwao. Maganga angejua cha kurekebisha. Kidawa angejua pa kutazama. Na kibati kilikuwa na upana wa jina moja.

Nje gari likapiga honi. Wakulima walikwishapanda nyuma, wanaimba. Bi Mwanahiba akashika patasi, akaiweka juu ya kibati, akaiinua tena.

Nanyi mliokaa hapa mkisikiliza, msimwache mama wa watu na patasi mkononi. Aliyefunga milango, aliyeondoa mteremko, au aliyesafisha njia: je, jina la nani lilistahili kuchongwa?