Dang'a Isiyomwagwa

Mtu mmoja alikuwa na ng'ombe mwenye mimba na mke mwenye mimba. Aliwapenda wote wawili, ila alimwelewa ng'ombe zaidi. Jina la mtu huyo ni Ambokile. Alijua ng'ombe wake anapenda majani yapi, anajikuna kwenye nguzo ipi, na akikohoa ana maana gani. Mkewe, Tusekile, alimtania kwa jambo hilo, naye hakukataa.

Siku moja daktari wa watoto alifika zahanati ya kijiji kuzungumza na wazazi watarajiwa. Akasema mtoto akizaliwa awekwe kifuani pa mama papo hapo, anyonye, asionjeshwe maji wala kitu kingine. Na yale maziwa ya kwanza, mazito ya manjano, yasimwagwe hata kidogo, maana ndiyo kinga yake ya kwanza. Akayaita dang'a. Wanaume wakaangua kicheko, kwa kuwa kwao dang'a ni neno la zizini. Ambokile alirudi nyumbani akicheka bado, akawasimulia mkewe na mama yake kwamba daktari amewageuza wake zao mitamba. Mama mtu alicheka hadi machozi. Tusekile alitabasamu, akaliweka neno lile moyoni.

Masika ilipokolea, ng'ombe akazaa. Ambokile akapiga magoti kwenye tope, akamfuta ndama kwa majani makavu, akamtia chuchu mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Jirani alikuja na bakuli kuomba dang'a kidogo ya kupika, akafukuzwa kama mwizi. Dang'a ni uhai wa ndama, aliambiwa, haitoki hata tone. Ndama akanyonya, akasimama, akatingisha mkia, na Ambokile akaimba kwa furaha.

Kesho yake mvua ilikata njia ya zahanati, na Tusekile akajifungulia nyumbani, mikononi mwa mama mkwe wake, Bibi Subilaga. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, mwenye sauti nyembamba. Bibi alimpenda pale pale kwa moyo wake wote, na kwa upendo huo huo akataka kumfanyia kama alivyofundishwa na mama yake. Maziwa ya kwanza, aliamini, yamelala kifuani miezi yote hiyo na yamechacha; sharti yakamuliwe, yakamwagwe migombani, na mtoto angojee maziwa meupe huku akilambishwa maji ya sukari. Akampa Ambokile bakuli ampelekee mkewe akamulie, naye akakoroga maji ya sukari. Mtoto alikuwa akilia, na sauti yake ilizidi kufifia.

Ambokile akaingia na bakuli. Alikuwa ametoka kumtazama ndama, na magoti yake yalikuwa na tope la zizini. Tusekile akalitazama bakuli, akayatazama magoti.

"Haya, Baba Ndama," akasema, "wako kashiba. Wangu naye atanyonya lini?"

Ambokile aliona haya mpaka masikioni, kisha kicheko kikamshinda. Akatoka na bakuli tupu, akamrudishia mama yake, akamweleza alivyoitwa. Bibi Subilaga, aliyekulia kati ya ng'ombe na kuwaokoa ndama wengi kwa dang'a, alilitazama lile bakuli tupu. Halafu akacheka hadi akashika ukuta. Aliingia chumbani, Ambokile nyuma yake, akayamwaga yale maji ya sukari dirishani, akamnyanyua mjukuu wake na kumweka kifuani pa mama yake. Mtoto akatafuta, akapata, akang'ang'ania. Wote watatu wakanyamaza wamsikilize anavyomeza, na hakuna muziki uliowahi kupigwa katika nyumba ile ukapendwa hivyo. Bibi akapiga vigelegele, ng'ombe akajibu kutoka zizini.

Ndugu zangu, bibi yule hakuwa adui wa mtoto, na Ambokile hakukosa elimu. Alijua yote yaliyompasa kujua, ila alikuwa ameyaacha zizini. Na wewe unayesikia, ng'ombe wako ni yupi, na ni nani nyumbani kwako anayelia akingoja umalize kumhudumia ng'ombe huyo?