Kigae cha Kaure na Mate ya Fisi

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nani?
Pakawa Sange, pua ndefu, mwili kiganja.
Na nani tena?
Na Fisi.
Ndiyo, Fisi hakosi. Basi kaeni. Anayetafuna atafune kimya.

Sange alikuwa mwanafunzi wa ufundi kwa Mwalimu Nungunungu. Mama yake aliliwa na Fisi wakati wa kiangazi. Kilichozikwa ni mkia, maana vingine havikupatikana. Kaburi lilikuwa tuta la udongo tu, na mvua zilishaanza kulimega. Sange akataka liwe na kigae cha kaure chenye jina la mama, kifungwe kwa skrubu mbili kwenye nguzo.

Kazi ya mtihani ikawa hiyo hiyo: kila mwanafunzi kigae kimoja, matundu mawili, kingo safi. Atakayefaulu anaondoka na kigae chake. Atakayekivunja hapewi kingine.

Fisi naye alikuwa darasani. Meno yale, nani amkatalie?

Kaure ni ngumu kama moyo wa wifi. Sange akainamisha keke yake ya kutobolea kidogo mpaka ncha ikapata pa kukaa, kisha akaisimamisha wima. Akadondosha maji, akazungusha bila kukandamiza. Kri, kri, kri. Tundu la kwanza likatoka, duara safi.

Fisi akailalia keke yake kwa kifua kizima, kavu kavu. Krrrr, moshi, pwaa. Vipande.

Akageuka. "We Sange, hicho kigae ni changu."

"Chako ni hicho kilicho miguuni pako, kaka."

"Mama yako naye alikuwa na majibu."

 Sange akayatazama yale meno, akiwaza ni lipi lililomuua mama.

"Haya, chukua," akasema. "Tundu la pili utatoboa wewe?"

Fisi akatazama vipande vyake. "Toboa wewe. Lakini changu."

"Chako. Ila mikono yangu yote iko kwenye keke. Jaza maji mdomoni, inama hapa, udondoshe taratibu. Usimeze, usiseme. Yakikatika au yakimwagika yote, kigae kitapasuka kama kile."

Fisi akajaza mdomo. To, to, to. Kri, kri, kri. To, to, to. Kri, kri, kri.

Mwalimu Nungunungu akafika na chaki yake. "Kigae hiki cha nani?"

Fisi akatoa macho. To, to.

"Changu, Mwalimu," akasema Sange, keke ingali inazunguka.

"Mmm," akasema Fisi.

"Na huyu je?"

"Chake kile cha chini. Ananisaidia maji. Siku hizi ana huruma sana."

"Mmm, mmm."

"Anakubali mwenyewe," akasema Mwalimu, akaandika jina la Sange ubaoni. "Vizuri, Fisi. Endelea."

Fisi angeweza kutema aseme. Lakini akitema kigae kitapasuka, na yeye alikitaka kizima. Akabaki ameinama, tamaa shingoni, maji mdomoni, mpaka ncha ikatokea upande wa pili. Ndipo akameza.

"Changu," akasema.

Mwalimu akasimamisha miiba yake yote. Fisi akaenda zake.

Jioni Sange akachora jina la mama kwenye kigae, akakifunga kwenye nguzo ya kaburi. Kikakaa sawa. Mvua ikanyesha, ikateremka juu ya jina, ikaendelea kumega udongo. Akasimama kidogo. Kisha akarudi kwa kuzunguka, maana njia ya mkato inapita kwa Fisi.

Ngano nimeitua hapo. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka aiache mlangoni. Funzo lake ni hili, wanangu: wenye nguvu wapeni wanachotaka, na msiseme uongo mbele ya mwalimu. Sange hakufuata hata moja, na mnaona alivyobaki bila mama.