Bustani ya Watu wa Kioo

Sogeeni karibu, mnisikilize. Hapo kale, katikati ya jangwa, zimwi lilipanda bustani ya mishubiri na mipungate. Kila mpita njia aliyechuma tunda humo, zimwi lilimgeuza kioo, likamsimamisha kati ya miiba.

Mwanamke mmoja, Mwanasha, akamkuta humo binti yake Raya, aking'aa juani.

"Mwite mara tatu," zimwi likasema. "Akivuka lango kwa miguu yake, ni wako. Ukimgusa kabla, umempoteza."

Mwanasha akasimama nje ya lango, akaita, "Raya!" Macho ya kioo yakafumbuka. Akaita tena, na miguu ikang'oka mchangani. Akaita mara ya tatu, na binti akaja akiyumba, hata ikabaki hatua moja afike langoni.

"Mama, naanguka! Nishike!"

Mama gani angesimama tu? Mwanasha akanyoosha mikono, na Raya akapasuka vipande vipande kifuani pake.

Akavikusanya ndani ya kanga, akarudi kwao viganja vikivuja damu.

"Umempata?" majirani wakamuuliza.

"Nimempata," akajibu, wala hakusema neno jingine mpaka naye alipokufa, wakamzika.

Nami naishia hapo. Mwenye mwanawe karibu, na amshike.