Mama Aliyekaa Nje ya Lango

Ndugu zangu, alikuwepo binti mmoja aliyempeleka mama yake mgonjwa kuuona mji aliozaliwa. Ulikuwa mji wa kale, umezungushiwa ukuta wa mawe. Zamani Wakristo wa madhehebu mawili waliuana humo kwa jina la Mungu yule yule. Mama huyo alipoolewa na mtu wa dhehebu la pili, kwao wakamfukuza, asirudi tena. Siku hizi lango halina hata mlinzi. Wageni wanapita wakipiga picha.

Walipofika pale, mama akaishiwa pumzi. Akaketi chini, akaegemea ukuta.

"Mwanangu, niitie dada yangu. Mwambie sina ugomvi, nataka kumwona tu."

Binti akaingia, akaulizia, akaoneshwa nyumba. Mama mkubwa ndiyo kwanza alikuwa anatoka, kitabu cha nyimbo mkononi.

"Shikamoo, mama mkubwa. Mama yuko hapo langoni. Hali yake si nzuri, anakuita."

Yule mama akashika kifua, machozi yakamlengalenga. Kisha akatazama barabara, watu wamejaa wakielekea ibadani.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nilishamsamehe siku nyingi. Lakini sasa hivi, mbele ya hawa wote? Ngoja ibada iishe, watu watawanyike. Nitakuja."

"Ni hapo tu, mama mkubwa!"

"Nitamwombea."

Binti akarudi mbio.

"Anakuja?" mama akauliza.

"Anakuja, mama."

Angesemaje? Wakakaa. Nyimbo zikaanza kusikika kutoka ndani. Mama alizijua tangu utotoni, akawa anazifuatisha kwa midomo, bila sauti. Hata ibada haijaisha, midomo ikatulia. Binti akamwita, akamtikisa. Kimya.

Baadaye sana mama mkubwa akatokea langoni. Akamwona mdogo wake. Na kabla hajapiga magoti, jamani, akatazama kwanza huku na huku kama kuna anayemwona.

"Mwache," binti akamwambia. "Usimguse."

Mnataka niwaambie walipatana? Hawakupatana. Binti alimzika mama yake ugenini, na mama mkubwa hakualikwa.

Tusiseme ni ukuta. Ukuta ulikuwa na lango, na lango lilikuwa wazi. Tusiseme mama mkubwa hakumwombea, alimwombea, tena kwa machozi.

Na sisi leo tumeimba vizuri sana. Nani amekaa huko nje, anatusikiliza?